Lenzi ya zumu: Mkwakwani si Saadani

Kwa mechi za jioni uwanjani Mkwakwani, Tanga, tafuta lenzi ya kamera ya 70-200mm yenye f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Jua likishuka, shata ya 1/1000 ya sekunde, inayogandisha mwendo, inahitaji mwanga. Lenzi ya f/6.3 itakulazimisha kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) karibu mara tano, na picha itajaa chenga.

Saadani, hifadhi ya wanyama ya pwani, ni habari nyingine. Ndege wa mto Wami wanataka 400mm hadi 600mm ili kuwavuta karibu, na mchana f/6.3 inatosha.

Ukinunua iliyotumika, fungua mifuniko yote miwili, mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili. Unyevu wa pwani hulea kuvu: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache hata kwa bei ya kutupa. Kuisafisha ni ghali, na koti ya kioo (tabaka jembamba juu yake) huenda imeshaliwa.