Pampu ikae karibu na maji, si karibu na soketi

Kila mwaka ikifika Februari simu yangu haipumziki. Maneno ni yaleyale: "Afisa, pampu inalia lakini maji hayaji." Nikienda kuangalia, hapa Dar es Salaam, iwe Goba, Kinyerezi, Chanika au ng'ambo ya Kigamboni, nakuta hali moja. Kisima kipo mwisho wa kiwanja, pampu ipo barazani penye soketi, na katikati kuna mita 20 au 30 za bomba la kuvutia, yaani linaloleta maji kutoka kisimani hadi kwenye pampu. Mwenye bustani ameshanunua pampu mara mbili, ya kwanza HP 0.5 (HP ni kipimo cha nguvu ya mota), ya pili HP 1, na sasa anataka nimwelekeze duka la Kariakoo akachukue ya HP 1.5. Mchicha umeshakauka, na fedha ya msimu imeishia kwenye pampu ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Zimewekwa pasipostahili.

Nimeshalisema jambo hili kwenye vikao vya vikundi, leo naliandika ili mtu akienda dukani awe nalo mkononi.

Pampu ya kukaa juu ya ardhi haina mkono wa kushuka kisimani kuyashika maji. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje, inayokandamiza maji ya kisima, ndiyo inayoyapandisha. Ni kama kunywa dafu kwa mrija. Na hewa hiyo ina mwisho wa nguvu zake: hapa kwetu, usawa wa bahari, inaweza kupandisha maji takriban mita 10.3 tu, tena kwa pampu isiyo na upungufu wowote, ambayo hakuna duka linaloiuza. Kwa kazi halisi hesabu mita 7, basi. Ukiongeza HP huiongezei hewa nguvu. HP inasaidia maji yakishafika kwenye pampu, kuyasukuma mbele na juu. Mtu anayenunua mota kubwa ili ivute kutoka mbali zaidi anatupa fedha, na nasema hivi nikiwa na uchungu maana nimewaona akina mama wakikopa kwenye vikoba kwa ajili hiyo.

Sasa hizo mita 7 zinaliwa na vitu viwili: kina cha maji na msuguano wa bomba. Chukua mfano. Maji yapo mita 5.5 chini ya pampu, bomba ni la inchi 1, urefu wake mita 25, na unataka lita 35 kwa dakika. Kwa kasi hiyo bomba la inchi 1 linakula karibu mita 7 kwa kila mita 100, kwa hiyo mita 25 zinakula kama mita 1.8. Weka na futivalvu (ile valvu ya mwisho wa bomba kisimani, inayozuia maji kurudi) pamoja na elbo zako, yaani viungo vya kona, umeshafika mita 8. Umepita. Fundi akikubania akakufungia bomba la robo tatu ili kuokoa gharama, msuguano unapanda mara tatu hadi nne, na lita hizo hutaziona kabisa. Utapata maji kidogo yaliyochanganyika na hewa, na pampu itatoa sauti kama imemeza kokoto. Sauti hiyo ni ya pampu inayojila yenyewe. Izime.

Kipimo cha kina ndicho wengi wanachokosea hata wakijitahidi. Funga nati nzito kwenye kamba, ishushe mpaka iguse maji, weka alama usawa wa mahali pampu itakapokaa, kisha pima kamba kwa futi kamba ya fundi. Rahisi. Lakini pima lini? Si Mei, masika ikiwa imejaza kila shimo. Pima Februari kabla mvua hazijaanza. Tena usipime alfajiri, kisima kikiwa kimetulia usiku kucha, ukaridhika. Toa maji kwa muda uleule utakaomwagilia, kama ni saa nzima basi saa nzima, halafu pima tena papo hapo. Namba ya pili ndiyo ya kwenda nayo dukani. Ile ya kwanza iache nyumbani.

Ikiwa namba hiyo haizidi mita 5 au 6, pampu ya juu inakufaa, kwa sharti ikae mita 1 hadi 2 kutoka mdomo wa kisima. Kinachorefushwa ni waya wa umeme na bomba la kusukumia. Bomba la kuvutia halirefushwi. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5 hata kama mota ni ndogo, kwa sababu inapoanza kuzunguka inadai umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, na waya mwembamba wa ekstensheni ya televisheni utainyima. Muwekee fundi umeme sharti la waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme unaovuja) na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Hapo sina mjadala, mnashika mabomba yenye maji.

Najua kwa nini pampu zinawekwa barazani: wezi. Jenga kibanda kidogo cha tofali chenye geti la nondo na matundu ya hewa, au funga yunioni (viungo vya bomba vya kufungua na kufunga) pande zote mbili ili uing'oe jioni uingie nayo ndani.

Ikizidi mita 7, achana na pampu ya juu. Nunua ya kuzamisha, itundike kwa kamba imara isiyooza (usiitundike kwa waya wake, nawasihi), na isikae juu ya tope la chini. Kama kisima ni kipana, cha pete za zege, unaweza kujengewa kitako ndani yake ili pampu ya umeme ishuke karibu na maji, juu ya kiwango cha mafuriko ya masika. Lakini pampu ya petroli isishuke kisimani hata kwa dakika tano, hata kama "tunaijaribu tu". Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inajaa shimoni, na anayeshuka kuizima hapandi. Wala anayemfuata kumwokoa.

Kuhusu ukubwa sina mengi. Bustani ya mita za mraba 200 wakati wa jua kali inataka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 1,000. Pampu inayotoa lita 20 kwa dakika inamaliza kwa dakika 50. Nusu HP inatosha wengi wenu. Ila msidanganywe na kibao cha pampu: kikiandikwa mita 35 na lita 35, hupati vyote pamoja. Ikifikisha maji mita 35 juu hutoa sifuri, na lita 35 ni pale isipopandisha kitu.

Wakati wa kufunga, bomba la kuvutia lipande muda wote kuelekea kwenye pampu, sentimita 2 kwa kila mita. Likiinuka katikati kisha likashuka, hewa itakaa kwenye nundu hiyo na maji yatakatika. Lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu, wala lisiwe mpira wa kumwagilia, maana unabonyea ukivutwa. Futivalvu ikae sentimita 30 juu ya sakafu ya kisima, kwa sababu mchanga wetu wa pwani unasaga pampu, na angalau sentimita 50 chini ya maji ya Februari. Kama hakuna nafasi ya vipimo hivyo viwili, kisima kichimbwe zaidi kwanza.

Jaza maji kupitia tundu la juu mpaka yafurike bila mapovu, ndipo uwashe. Zima baada ya dakika 2 kama hayajaja, sili (kizuizi cha maji ndani ya pampu) inaungua ikizunguka kavu. Yakija mfululizo bila kutema hewa, umefanikiwa. Kisha zima, subiri nusu saa, fungua lile tundu uangalie. Maji yakiwa yameshuka, futivalvu inavuja au kuna kiungo kinachopitisha hewa. Rudia tepu kwenye nati zote za upande wa kuvutia kabla hujanipigia simu.