Rudisha Mabakuli ya Watu Kabla Mwaka Haujaisha

Kila Desemba, kabla sijakata hata nguo moja ya sikukuu ya mteja, nafungua kabati la jikoni na kutoa kila kilichomo hadi sakafuni. Mwaka jana nilipomaliza kupanga nilikuwa na vyombo 11 visivyokuwa vyangu. Baba watoto aliingia, akatazama, akauliza kama tunahama.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko Umoja, lakini nililelewa Majengo, Pumwani, na nyanya yangu, ambaye alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: chombo cha watu hakirudi kitupu. Ukiletewa pilau, sahani itarudi na ndizi, au mahamri mawili, au chumvi ikiwa ndiyo pekee iliyobaki nyumbani. Nilitumwa na hiyo chumvi mara nyingi, na aibu yote ilikuwa yangu. Maisha ya ghorofa yamenizubaisha. Bakuli linaingia, linaoshwa, linapangwa kabatini, siku zinakwenda. Kwa hiyo nimejizoesha kufunga mwaka kwa kurudisha. Krismasi si sikukuu yangu, sisi ni Waislamu, lakini Desemba ya Nairobi haimuulizi mtu dini. Watoto wako nyumbani, nusu ya ploti inafunga mizigo kwenda ushago, na hata jirani msiyesalimiana anaanza kutabasamu kwenye ngazi.

Anza na kabati, usianze na daftari. Ukikaa na kalamu ujiulize mwaka ulikuwaje, kichwa kitakuletea yale yaliyokuuma tu. Shika chombo kimoja kimoja ukumbuke kilikuja lini na kilibeba nini. Sufuria ndogo yenye mkono uliolegea ni ya nyumba nambari 9. Ilikuja na uji wa wimbi ile wiki kitinda mimba wangu alipokuwa na tetekuwanga. Hotipoti ya bluu ni ya wifi yangu, imekaa tangu Idd. Mikebe miwili ya aiskrimu, ambayo kila Mkenya anajua haina aiskrimu ndani, ilikuja na omena kutoka kwa mama mboga, mwezi ambao wateja walinikopa mpaka kodi ya kibanda ikanishinda. Sikuwa nimemwambia kitu. Aliona tu kwamba nimeanza kununua sukuma ya shilingi 10.

Na kulikuwa na thamosi nyekundu yenye ufa kwenye kifuniko. Hiyo ni ya mama wa nyumba nambari 14. Mwezi wa Machi, baba watoto alipolazwa kwa upasuaji, mama huyo alikuwa akipita hospitalini alfajiri kabla ya kwenda kazini, akaniachia chai ya tangawizi hapo kwenye benchi. Agosti alihama, akarudi kwao Makueni. Tulimsaidia kuteremsha kitanda kutoka ghorofa ya nne, tukapungiana mikono, na thamosi yake ilikuwa kabatini kwangu muda wote huo, nyuma ya unga.

Andika kwenye karatasi moja: chombo, mwenyewe, kilikuja na nini. Usipambe. Bakuli usilojua ni la nani ulizia kwenye ngazi, ila usiseme rangi yake. Mimi nilitaja la kijani, na wanawake watatu wakasema ni lao.

Simu ndiyo inayofuata. Unaweza kuomba taarifa ya M-Pesa kwa *334# iletwe kwenye barua pepe, lakini mimi napenda kusoma jumbe zenyewe, kidole kikipanda kutoka Desemba hadi Januari. Usianze kwa kujumlisha, maana ukiona jumla utafunga simu. Mimi hutafuta mambo mawili tu. La kwanza ni pesa nilizotuma baada ya saa nne usiku, kwa sababu hizo hazikuwa na mpango: homa, matanga, mtu amekwama njiani. Zilikuwa 17, na 5 kati yake zilikwenda kwa mtu mmoja ambaye hajawahi kunipigia simu mchana. Sikumwondoa kwenye orodha ya watu wa kupelekewa zawadi. Lakini masala ya chai niliyompa niliyatia iliki kidogo tu.

La pili ni Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha. Ile ada ya kila siku inaonekana ndogo mpaka uione imepangwa safu. Nilikuwa nimeingia mara 23, karibu zote kati ya tarehe 3 na tarehe 8, na nyingi kwa chini ya shilingi 500. Kumbe sikuwa na shida ya pesa kwa jumla. Kodi yangu inadaiwa mwanzo wa mwezi na wateja wangu wanachukua nguo zao katikati ya mwezi. Tangu siku hiyo sikati kitambaa cha mtu kabla hajalipa nusu. Wawili walinuna wakaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na nawatakia mema wote watatu.

Sasa zawadi. Vyombo 11 vilikuwa vya watu 9, nikaongeza yule wa usiku. Chupa 4 za achari, masala ya chai kwa watu 5, na kapu moja la kupikia.

Achari ianze mapema, ikiwezekana kabla ya tarehe 5, kwa sababu inahitaji wiki mbili za kukaa ndipo ikolee. Maembe yawe mabichi kabisa, ukiligonga moja lilie kama jiwe. Msimu huu yanajaa soko la Marikiti kutoka Makueni na Machakos, ila wachuuzi watakusukumia yaliyoanza kulainika. Hayo yatakupa jemu. Nenda saa kumi na mbili asubuhi uchague mwenyewe. Chukua 10 ya wastani, karibu kilo 2. Yaoshe, yafute, yakate pamoja na maganda vipande vya unene wa kidole, utupe kokwa. Changanya na chumvi vijiko 4 vya mezani, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yaliyotoka, tandaza vipande kwenye sinia, anika siku mbili juani mpaka vipindike bila kuvunjika. Mvua za vuli zikichelewa kuisha, ngoja, usikaushe nusu.

Mimi naanika juu ya paa, kwenye kamba za nguo, na nafunika kwa kipande cha neti ya mbu kilichobanwa pande zote. Mwaka wa kwanza sikufunika. Kunguru walikula robo ya sinia na kuchafua iliyobaki, na keateka wa jengo akaniambia kunguru wamelalamika chumvi imezidi.

Siku ya kupika, loweka pilipili kavu 15 kwenye kikombe kimoja cha siki kwa saa nzima, kisha saga pamoja na vichwa viwili vya kitunguu saumu. Pasha mafuta kikombe kimoja na nusu, tia haradali vijiko 2 vya chai. Zikianza kurukaruka punguza moto, tia uwatu nusu kijiko (ukizidisha utaharibu kwa uchungu), manjano kijiko kimoja, halafu ule mchanganyiko wa pilipili. Fungua dirisha. Fungua na mlango. Koroga kama dakika 10 mpaka mafuta yajitenge juu, tia sukari vijiko 3 vya mezani na maembe yako, yachemke dakika 5, uzime. Usijaze kwenye chupa mpaka ipoe kabisa, na mafuta yafunike vipande vyote.

Chupa ndipo wengi wanapoharibu. Mwaka mzima naweka chupa za jemu na za siagi ya njugu. Nazichemsha dakika 10 kwenye sufuria, kisha nazipindua juu ya kitambaa safi mpaka lisibaki tone. Tone moja linatosha kuleta ukungu. Najua kwa sababu mwaka mmoja nilikuwa na haraka ya nguo za harusi nikajaza chupa yenye unyevu, na kwa bahati yangu mbaya ndiyo iliyokwenda kwa mama mkwe. Hakusema neno. Wiki tatu baadaye chupa ilirudi, imeoshwa ikang'aa, na ndani ameweka chumvi.

Achari yote ilinigharimu kama shilingi 650.

Masala ni kazi ya jioni moja. Tangawizi ya unga vijiko 4 vya mezani, iliki iliyosagwa vijiko 2, mdalasini vijiko 2, pilipili manga kijiko kimoja, karafuu nusu kijiko, na kungumanga kiasi cha kukwaruza tu. Nunua viungo vizima Islii au Ngara, uvikaange kidogo bila mafuta mpaka vinukie, viponde kwenye kinu, uchunge. Tangawizi peke yake ndiyo nanunua ikiwa unga. Kinachokula pesa ni iliki, hivyo nunua gramu 50 na umtazame muuzaji akipima. Shilingi 740 zilitosha hao watu 5 na chai yetu ya Januari. Vipimo hivi vizidishe kadiri ya watu wako.

Kuhusu kufungia: tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 nimekuwa nikishona vijifuko kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, na sijanunua karatasi ya zawadi tangu hapo. Kipande cha kitenge cha inchi 10 kwa 16, kunja katikati, shona pande mbili, pindo la juu pitisha uzi. Dakika 7 kwa cherehani.

Kapu la kupikia lilikuwa la wifi yangu, kwa sababu ana watoto wanne na analalamika gesi haimalizi mwezi. Nilinunua kapu la mkonge Kariokor, nikashona mto wa duara wa kukaa chini, mwingine wa kufunika juu, na bitana nene ya pembeni, vyote vimejazwa mabaki ya fulana yaliyokatwakatwa. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke. Maharagwe yaliyolowekwa usiku yachemshe kwa nguvu dakika 20, sufuria ifunikwe barabara, itoke jikoni moja kwa moja hadi ndani ya kapu, mto juu, na usifunue kuchungulia. Yakikaa humo kwa muda wa saa nne yameiva. Yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kuyaunga. Sufuria ijae, ikiwa nusu inapoa upesi. Wifi alilitazama akadhani ni kitanda cha paka.

Katika kurudisha, nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Na ukifika mlangoni taja kilichokuja: "Hii ndiyo ile sufuria ya uji, dada." Yule wa nambari 9 alikuwa amesahau kabisa. Alisimama na sufuria mkononi akijaribu kukumbuka, kisha akauliza kama mtoto alibaki na makovu. Tulikaa saa nzima. Mama mboga alipokea mikebe yake, akafungua achari hapo hapo kibandani, akala kipande kwa kidole na kuniambia chumvi imepungua. Kwa kunguru ilizidi, kwake imepungua.

Ile karatasi usiitupe. Nyuma yake naandika mambo ya Njaanuari nikiwa bado na akili, kabla ya tarehe 20. Maharagwe na ndengu ndizo za kwanza, nazinunua Nyamakima. Sare za shule nazijaribisha watoto mapema, na hapa naomba unisikilize kama fundi: usinunue sketi mpya kabla hujafumua pindo la ile ya zamani. Mara nyingi kuna inchi 2 zimelala mle. Alama ya mkunjo wa zamani inapungua ukiweka kitambaa chenye maji na siki kidogo halafu upige pasi. Mlete mtoto kwa fundi wiki hii, usimlete siku mbili kabla shule kufunguliwa, maana siku hizo tunawapima watoto wenu kwa macho tu.

Ikabaki thamosi. Nilimpigia simu mwenye thamosi anipe jina la duka la karibu naye pale mjini Wote. Akacheka, akasema nibaki nayo tu, alishanunua nyingine. Nikamwambia hilo haliwezekani. Niliziba ufa wa kifuniko kwa gundi, ingawa haitashika joto kama zamani, nikatia kijifuko cha masala ndani, iliki kamili, nikaizungushia mabaki ya kitenge. Steji ya Machakos mtu wa mizigo alitaka shilingi 250. Mzigo wa Desemba andika jina na nambari ya simu pande mbili kwa kalamu ya wino mzito, na uupeleke asubuhi kabla abiria hawajaanza kugombania viti. Yule mtu wa mizigo akaitikisa thamosi sikioni, akasikia kitu, akauliza kama kioo cha ndani kimevunjika. Nilimwambia aandike tu: thamosi 1, haijavunjika.