Namna ya Kuandika Riwaya ya Ukumbi wa Tamthilia Unaosuasua: Uingereza, 1918 hadi 1939

Mwandishi anayetaka kutunga riwaya ya kihistoria kuhusu ukumbi wa tamthilia uliokuwa ukisuasua nchini Uingereza, baina ya Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia, kwa kawaida huvutiwa kwanza na pazia, vipodozi na wivu wa waigizaji. Hayo yote yatahitajika, lakini hayatoshi kuibeba riwaya. Kinachoibeba ni daftari la mapato na matumizi. Kila Jumamosi usiku, onyesho likiisha, fedha huhesabiwa mezani, na yupo mtu mmoja anayejua kabla ya wenzake wote iwapo wiki ijayo kutakuwa na mishahara. Ukishaamua mtu huyo ni nani, na ni nani anayemficha habari hiyo, msuko wa riwaya umeshaanza kujisuka.

Chagua mwaka kabla ya kuchagua wahusika, kwa sababu kila kipindi kilikuwa na balaa lake. Mwaka 1919 askari walikuwa wakirejea wakiwa na hamu ya kucheka, huku homa kali ya mafua ikiendelea kuua. Mei 1926 Mgomo Mkuu ulivuruga usafiri wa treni na mabasi kwa siku tisa, jambo lililokuwa zito kwa makundi ya waigizaji yaliyoishi kwa kuhama mji hadi mji. Redio ya BBC, iliyoanza mwaka 1922, iliwapa watu burudani bila kutoka nyumbani. Mimi ningependekeza msimu mmoja tu, kuanzia vuli ya 1929 hadi kiangazi cha 1930. Sinema zenye sauti zilikuwa zimeshafika London mwaka uliotangulia na sasa zilikuwa zikienea mikoani. Soko la hisa la New York liliporomoka mwezi Oktoba. Na mwaka 1930 chama cha waigizaji, Equity, kiliundwa. Isitoshe, wanamuziki waliokuwa wakipiga ala katika sinema bubu walikuwa wakiachishwa kazi, kwa hiyo una sababu halali ya kumleta mpiga fidla mlangoni mwa ukumbi wako akiomba kazi ambayo haipo.

Kisha liandike daftari lenyewe, hata kama msomaji hataliona kamwe. Kumbuka kwamba pauni ilikuwa na shilingi 20 na shilingi ilikuwa na peni 12, na ufanye hesabu zako kwa mfumo huo. Tuseme ukumbi wako wa kubuni umekusanya pauni 140 kwa wiki nzima. Kabla ya jambo lolote, serikali inachukua kodi ya burudani, iliyoanzishwa mwaka 1916 kwa ajili ya gharama za vita na ikaachwa iendelee vita vilipokwisha. Kodi hiyo ilitozwa kwenye tiketi, wala si kwenye faida, hivyo mwenye ukumbi aliyekuwa akipata hasara aliilipa vilevile. Baada ya hapo kuna malipo ya mwandishi wa tamthilia, pango, makaa ya mawe, umeme, mabango, wanamuziki, mafundi na waigizaji. Fedha zikiwa hazitoshi, meneja atamlipa nani kwanza, na nani ataambiwa asubiri? Utaratibu wake wa kulipa madeni utamweleza kwa uaminifu kuliko kurasa tatu za wasifu. Meneja anayemlipa mchapaji wa mabango na kumkopa mshona maleba ni mtu tofauti kabisa na yule anayefanya kinyume chake.

Mapato nayo yagawe kwa sehemu za ukumbi. Watu wa roshani ya juu kabisa waliketi kwenye mabenchi, na aghalabu waliingia kwa mlango wao wa kando ili wasipishane na waliovaa mavazi ya jioni. Hao ndio waliokuwa rahisi kuvutwa na sinema, ambako kwa bei isiyo kubwa walipata kiti laini na ukumbi wenye joto. Roshani ikianza kupwaya ilhali viti vya mbele bado vimejaa, mtu mwenye jicho la biashara ataona hatari ambayo mwigizaji nyota hawezi kuiona akiwa jukwaani.

Mdundo wa sura zako uutoe kwenye wiki ya kazi. Katika kumbi nyingi za mikoani kulikuwa na kundi la kudumu lililoonyesha tamthilia mpya kila wiki. Jumatatu jioni tamthilia ilifunguliwa. Jumanne asubuhi waigizaji walewale walianza mazoezi ya tendo la kwanza la tamthilia ya wiki iliyofuata, na siku zilizofuata matendo mengine, huku kila jioni wakiigiza ile ya wiki hiyo na usiku wa manane wakikariri. Jumamosi usiku mandhari yalibomolewa, na Jumapili mengine yakajengwa. Makundi ya kusafiri, kwa upande wao, yaliitumia Jumapili kwa treni, na kituo cha Crewe kilijulikana kwa waigizaji waliokutana hapo wakibadilisha treni, wakiulizana ni mama mwenye nyumba yupi katika mji gani anayepika vizuri. Uchovu huu usiutaje tu. Uonyeshe pale mwigizaji anaposema jukwaani sentensi ya tamthilia ya wiki iliyopita.

Jambo moja dogo lina utajiri mkubwa kuliko linavyoonekana: nguo. Katika tamthilia za maisha ya kisasa, waigizaji walitarajiwa kuvaa nguo zao wenyewe, na mzigo huo uliwaelemea zaidi wanawake. Mwigizaji mwenye magauni mawili ya jioni alilazimika kuyabadilisha wiki hadi wiki, kwa kung'oa mikono, kugeuza mshipi au kushonea utepe wa rangi nyingine kifuani, ili mtazamaji wa kila Jumatatu asilitambue gauni la wiki iliyopita. Mfuate mhusika wako na gauni lake moja katika riwaya nzima. Siku atakapoliweka rehani, hutahitaji kumwambia msomaji kwamba hali imekuwa mbaya.

Usiisahau sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Kumbi za Tamthilia ya mwaka 1843, tamthilia mpya haikuonyeshwa hadharani bila kibali cha Lord Chamberlain, afisa wa kasri ya kifalme, na hali iliendelea hivyo hadi 1968. Malkia Victoria, kwa mfano, hakuruhusiwa kuigizwa hadharani mpaka 1937. Meneja anayetegemea tamthilia ya kuthubutu imuokoe, akiwa ameshachapa mabango kabla barua ya kibali haijafika, amejitia kitanzi mwenyewe.

Nyuma ya pazia, chagua vitu vichache na uvitazame kwa karibu: harufu ya gundi ya ngozi iliyochemshwa kwa ajili ya rangi za mandhari, vitambaa vilevile vinavyooshwa na kupakwa rangi upya, vijiti vya vipodozi vya Leichner, namba 5 na 9, vilivyochanganywa kupata rangi ya uso, tangazo la "nusu saa" kwa waigizaji, ambalo licha ya jina lake hutolewa dakika 35 kabla ya onyesho. Mwiko wa kupiga mbinja jukwaani umeshatumiwa mno na wengine, uache.

Kuhusu utafiti, British Library ina miswada iliyopelekwa kwa Lord Chamberlain, na magazeti ya The Stage na The Era yamejaa matangazo ya kazi. Sensa ya 19 Juni 1921 ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022, na humo unaweza kuwaona waigizaji katika nyumba walizopanga usiku huo. Sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, hivyo kwa miaka hiyo utategemea zaidi magazeti na kumbukumbu za miji. Wasome pia watu halisi, ila usiwanakili. Barry Jackson aliuanzisha ukumbi wa Birmingham mwaka 1913 na kufidia hasara zake kwa mali yake mwenyewe, ilhali Lilian Baylis aliuendesha Old Vic jijini London kuanzia 1912 hadi kifo chake mwaka 1937 kwa kuomba michango na kulipa mishahara midogo. Tofauti hiyo, ya nani anayeziba pengo, ndiyo utakayopaswa kuiamulia katika ukumbi wako.

Mwisho wa riwaya una mtego wake. Waandishi wengi watavutiwa na tarehe 3 Septemba 1939, vita vilipotangazwa na serikali ikaamuru kumbi zote za burudani zifungwe. Amri hiyo, hata hivyo, ililegezwa baada ya majuma machache, na ukumbi unaouawa na tangazo la redio huwaepusha wahusika na matokeo ya maamuzi yao. Ni afadhali ufungwe, uuzwe kuwa sinema, au uponee chupuchupu kwa sababu ya deni ambalo msomaji aliliona likiandikwa daftarini katika sura ya pili.