Pima tope la septiki kabla choo hakijaanza kukurudishia

Kwanza tuweke sawa hili maana wengi wanachanganya. Septiki, yaani tangi la chini ya ardhi linalopokea maji taka ya nyumba, ikishaanza kutumika huwa imejaa maji muda wote, kwa hiyo ukifunua mfuniko ukakuta maji yako usawa wa bomba la kutokea usianze kelele za "jamani shimo limejaa", hapo ndo yanapotakiwa kuwa. Cha kuangalia ni tope lililokaa chini na ule utando wa mafuta na takataka unaoelea juu. Katikati kuna maji yaliyopungua uchafu kidogo, hayo ndo yanatoka kwenda kwenye shimo la kunyonya, lile linaloacha maji yanywee ardhini, na udongo unamalizia kazi. Sasa tope likipanda sana linatoka na yale maji, linaenda kuziba udongo kule, na udongo ukishaziba hata uite gari la maji taka kila wiki ni kazi bure, litajaa tena ndani ya siku chache kwa sababu maji hayana pa kwenda.

Kwa hiyo usisubiri harufu, pima. Tafuta mti mrefu unaofika sakafu ya tangi, zungushia taulo jeupe kuukuu sehemu ya chini kama mita moja hivi, kaza na kamba. Vaa glavu, fungua mfuniko wa upande wa kutokea, simama upepo ukikupiga mgongoni. Shusha mti taratibu mpaka uguse sakafu, uache dakika chache, halafu upandishe polepole, ukiuchomoa kwa pupa tope linasuuzika na hujapima kitu. Utaona chini taulo ni jeusi tii lina chengachenga zimeng'ang'ania, juu yake limeshika rangi ya chai tu. Pale weusi unapoishia ndo juu ya tope. Kwa utando, pigilia kibao kidogo mwishoni mwa mti mwingine ukae kama herufi L, upenyeze chini ya utando kisha vuta juu mpaka uhisi kimegota, hapo ndo chini ya utando.

Kipimo ni hiki: tope likibakiza chini ya sentimita 30 kufika mdomo wa chini wa bomba la kutokea, ule unaoshuka ndani ya maji, au utando ukibakiza chini ya sentimita 15, ita gari. Familia ya kawaida huwa inaangukia kati ya miaka 3 na 5, ila tangi dogo na watu wengi ni mapema zaidi. Andika tarehe mahali, mimi nimeandika kwa makapeni nyuma ya mlango wa stoo na imeshamaliza ubishi wa "mwaka jana tulinyonya" mara mbili.

Usiingie ndani ya tangi hata likiwa tupu, wala usiinamishe kichwa, wala usiwashe sigara hapo. Ile gesi ya yai viza ikizidi pua inaacha kuisikia kabisa halafu mtu anaanguka, na anayeruka kumwokoa anaanguka juu yake. Mtu akitumbukia ita waokoaji, usimfuate. Mfuniko uwe mzito au wa kufungwa, watoto hawaaminiki.

Gari likija wafungue mifuniko yote, kuna mafundi wananyonya chumba cha kwanza tu wanakunja bomba wanaondoka. Maji ya tangi yakiwa yanashuka chungulia kwa mbali upande wa kutokea: ukiona maji yanarudi ndani kwa kasi basi shida ni shimo la kunyonya. Tangi la plastiki usiliache tupu msimu wa mvua, maji ya ardhini yanaweza kulinyanyua, jaza maji mara moja.

Kuhusu zile dawa za kuongeza bakteria, huzihitaji, kinyesi chenyewe kinakuja na bakteria wake. Wewe usiwaue tu: rangi, dawa za kusafishia kwa ndoo, hapana. Mafuta ya kupikia nayo usimwage. Pedi, pempasi na vitambaa vya kufutia hata kama pakiti inasema vinayeyuka, peleka kwenye pipa. Maji ya mvua toka paani yasielekezwe huko, nguo zifue siku tofauti. Na kagua choo kinachovuja kimyakimya: tia rangi ya chakula kwenye lile tangi dogo la maji ya kuvuta choo, kaa robo saa bila kuvuta, rangi ikitokea kwenye bakuli kinavuja, na choo kinachovuja vibaya kinaweza kumwaga hata lita 750 kwa siku moja, zote zinaishia kwenye septiki yako. Gari lisipite juu yake, miti mikubwa kaa nayo mbali.

Sinki moja tu likienda polepole, zibua bomba lake. Yakigoma yote kwa pamoja na choo kinagugumia, acha kumwaga maji, nenda kachukue ule mti wenye taulo.