"Karafuu zote hazijakauka": sentensi moja, maana mbili

Ukiambiwa Pemba "karafuu zote hazijakauka", uliza kwanza kabla ya kugusa jamvi. Sentensi hiyo inaweza kuwa na maana ya "hakuna hata moja iliyokauka", au "si zote zilizokauka", yaani angalau moja bado mbichi. Kinachobadilika ni mahali pa "si". Iandike upya:

Kila karafuu, si kavu.
Si kweli kwamba kila karafuu ni kavu.

Maadamu karafuu zipo, ya kwanza ikiwa kweli, ya pili nayo ni kweli. Ya pili peke yake haileti ya kwanza. Hapo ndipo ugomvi wa muuzaji na mnunuzi huanzia. Gottlob Frege, Mjerumani, aliipa "kila" alama yake mwaka 1879, ndipo mpangilio huu ukaandikika bila utata. Ni hatua kubwa mno katika mantiki.

Kuvunja dai la "zote zimekauka" yatosha karafuu moja mbichi. Kulithibitisha ni kazi nyingine: konzi ya juu ya gunia haisemi kitu kuhusu za chini.

Na "zikirowa mvua, huota ukungu"? Ukiona ukungu, usihitimishe kwamba zilirowa; huenda zilitiwa guniani na unyevu. Ila zisipoota, na kanuni ikiwa kweli, hazikurowa. Kwa hoja yoyote, tafuta hali moja ambamo madai yote ni kweli lakini hitimisho si kweli. Ukiipata, hoja imeanguka.