Kunakili, kubandika na kuhamisha picha kwenye Photoshop na GIMP

Mtu aliyezoea kunakili maandishi hudhani picha nazo ni Ctrl+C, Ctrl+V, basi. Kwenye programu za kuhariri picha kama Photoshop na GIMP, picha huundwa kwa matabaka (layers) yaliyopangwa moja juu ya jingine kama karatasi angavu. Kwenye Photoshop, Ctrl+C huchukua kutoka tabaka moja tu, lile lililowashwa kwenye paneli ya Layers. Unachagua ua, tuseme la waridi, kwa kulizungushia mstari vizuri kabisa, unabonyeza, kisha programu inakataa ikisema eneo ulilochagua ni tupu. Ua unaliona, ila liko kwenye tabaka jingine. Basi kabla ya kugusa kibodi, angalia umesimama kwenye tabaka gani. Nusu ya matatizo huishia hapo.

Fungua picha zote mbili, ile unayotoa kipande na ile itakayokipokea. Kwenye ile unayotoa, bonyeza Ctrl+A kuchukua eneo lote, au zungushia kipande unachotaka kwa zana ya Lasso. Kingo za kipande zisionekane kama zimekatwa kwa wembe: bonyeza Shift+F6 uweke pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1 au 2 za kuzilainisha. Kisha Ctrl+C. Kama kitu kimetandazwa kwenye matabaka kadhaa, tumia Ctrl+Shift+C, nayo itanakili chochote kinachoonekana ndani ya eneo hilo. Hamia picha ya pili, Ctrl+V, na kipande kitatua juu ya tabaka jipya. Kwenye Mac, Cmd inashika nafasi ya Ctrl, na Option nafasi ya Alt.

Ukubwa ndio unaowashangaza wengi. Photoshop hubandika kwa idadi ya pikseli, haijali inchi wala sentimita. Picha yenye upana wa pikseli 4000 ukiibandika kwenye yenye upana wa 800, utaona moja ya tano tu ya upana wake; iliyobaki imemwagikia nje ya fremu, haijapotea. Bonyeza Ctrl+T, halafu Ctrl+0 ili vishikio vya pembeni vionekane, uvute kona kwenda ndani, umalizie na Enter. Matoleo ya kuanzia 2019 hulinda uwiano wa urefu na upana yenyewe. Kwenye ya zamani shikilia Shift, la sivyo nyuso zitatanuka.

Kinyume chake hakina dawa nzuri. Kipande cha pikseli 300 ukikivuta hadi 1500 kitakuwa na ukungu, kwa sababu programu inalazimika kubuni pikseli ambazo hazikuwepo. Na hata kupunguza kuna hatari yake: ukishabonyeza Enter, pikseli zilizoondolewa zimekwenda, na ukikikuza tena kesho kitarudi hafifu. Kama hujaamua ukubwa wa mwisho, bonyeza tabaka hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Convert to Smart Object, inayotunza pikseli za asili, kabla ya kulipunguza. Hatua hii inafaa iwe mazoea.

Kuhamisha ni kwa zana ya Move, herufi V. Buruta kwa kipanya, au tumia mishale ya kibodi: kila mbonyezo ni pikseli 1, na ukishikilia Shift ni 10. Ukiburuta huku umeshikilia Alt, unaacha cha asili mahali pake na kuondoka na nakala. Angalizo: ukichagua kipande kwenye tabaka la Background na kukiburuta moja kwa moja, kitaacha shimo lililojazwa rangi ya usuli. Bonyeza Ctrl+J kwanza, kipande kipate tabaka lake, ndipo uhamishe.

Kwenye GIMP zana ya kuhamisha ni herufi M, nayo kwa kawaida hushika tabaka lililo chini ya kishale, si lile ulilochagua. Ndiyo maana unavuta ua, usuli wote unaondoka. Kwenye chaguo za zana hiyo, washa linalohamisha tabaka lililochaguliwa. Katika toleo la 2.10, ulichobandika huelea kwanza, na hutaweza kushughulikia tabaka jingine hadi ukiweke: Ctrl+H hukigandisha kwenye tabaka la chini, Ctrl+Shift+N hukipa tabaka lake. Chagua la pili, maana ukishakigandisha hutaweza kukisogeza peke yake. Toleo la 3.0 hukiweka kwenye tabaka jipya lenyewe.

Kama rangi za ulichobandika zimechakaa ghafla, huenda picha inayopokea ni GIF yenye rangi zisizozidi 256. Tendua kwa Ctrl+Z, nenda menyu ya Image, kisha Mode, uchague RGB, halafu ubandike upya. Hifadhi kazi kama PSD (faili ya Photoshop) au XCF (ya GIMP), kwa kuwa JPEG huyaunganisha matabaka yote kuwa moja.