Kukagua pikapu ya dizeli iliyotumika Marekani pale jimbo lisipopima moshi

Texas hupima moshi wa magari ya petroli tu, tena katika baadhi ya kaunti; ya dizeli hayaguswi. Jimbo lina haki ya kukaa pembeni: tangu hukumu ya Printz ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1997, serikali ya shirikisho kule Washington haiwezi kuwalazimisha maofisa wa majimbo kutekeleza sheria zake. Lakini Sheria ya Hewa Safi, ambayo ni ya shirikisho, haiondoki, na kung'oa vifaa vya kudhibiti moshi ni kosa jimbo lolote. Mkaguzi aliyebaki ni wewe mnunuzi.

Anza na mwaka wa gari. Vichujio vya masizi vilienea na modeli za 2007. Tangi la yurea, kimiminika kinachonyunyizwa kwenye ekzosi kupunguza gesi chafu, lilikuja 2011 kwa Ford Super Duty na Silverado HD, ila Ram 2500 ilingoja hadi 2013, kwa hiyo Ram 2500 ya 2010 kukosa tangi hilo si dalili ya kuchezewa. Ukiwa na shaka, soma lebo ya moshi chini ya boneti. Inataja vifaa vilivyotoka kiwandani.

Kisha ingia uvunguni ufuate ekzosi kuanzia kwenye turbo. Unatafuta mikebe mikubwa ya chuma, sensa za joto na vijibomba vya kupimia shinikizo. Bomba tupu lililonyooka limejieleza. Mkebe kuwepo nao hautoshi, maana wapo wanaoutoboa ndani na kuurudisha. Injini ikiwa imepoa, pitisha kidole ndani ya mdomo wa ekzosi: kichujio kizima huuacha karibu safi, kilichopasuka au kutobolewa hukupaka masizi.

Sasa kompyuta, ambako wengi hukamatwa. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa ya injini lazima iwake. Chomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kwenye soketi ya pini 16. Vipimo vya utayari, yaani vile ambavyo kompyuta hujipima yenyewe, vikiwa "havijakamilika" na umbali tangu misimbo ya hitilafu ifutwe ni mfupi, mtu amefuta kumbukumbu. Gari liendeshwe kwanza, urudi. Kipimo cha kichujio kikionekana "hakipo" kwenye gari lililozaliwa nacho, programu imebadilishwa. Mwisho kanyaga mafuta huku ukitazama shinikizo la kichujio: likiganda kwenye sifuri, ndani hamna kitu au sensa imedanganywa.

Ukikuta hivyo, pata bei ya vifaa vyote pamoja na programu ya kiwandani kabla ya kutaja yako. Hufika maelfu ya dola, na California, inayopima dizeli za 1998 na kuendelea, haitalisajili bila hivyo.